Kibodi ya kujiundia: Mambo ya kujua kabla ya kutoa fedha

KIBODI ya kompyuta ni kifaa ambacho wengi hukinunua pasipo kukitazama mara mbili, na kukitupa mara tu herufi mbili tatu zinapokataa kuandika. Hata hivyo, wapo waliofanya kujiundia kibodi kuwa burudani: huchagua sehemu moja moja, huziunganisha wenyewe na kuamua kila kitufe kifanye kazi gani.

Kwa mkazi wa Pasiansi, kando ya barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Mwanza, burudani hiyo ina ugumu wake. Sehemu nyingi huagizwa nje, hususan China, na aliyekosea hawezi kurudi dukani jioni kubadilishiwa. Atalipia usafirishaji na ushuru kwa mara ya pili, kisha asubiri tena.

Kibodi za bei nafuu huwa na utando wa mpira chini ya vitufe vyote. Katika kibodi ya kujiundia, kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Ikiharibika moja, hubadilishwa hiyo tu.

Swichi nyingi za leo zinafuata umbo la MX, lililobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Zipo za aina tatu: zinazoteleza moja kwa moja, zenye kigingi kidogo ambacho kidole hukihisi, na zinazotoa mlio. Cherry nyekundu, ambayo ni ya kuteleza, hubonyezwa kwa nguvu ya takriban gramu 45 na huandika ikishuka milimita 2 kati ya 4. Ya bluu hulia kila inapobonyezwa. Anayelala chumba kimoja na wenzake na aifikirie mara mbili.

Pamoja na hayo, cha kuchagua kwanza si swichi, bali bodi ya saketi, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote. Kwa anayeanza, inafaa bodi yenye soketi, ambayo swichi huchomekwa na kuchomolewa bila kulehemu. Ahakikishe pia kwamba soketi ni za MX, kwani swichi fupi za umbo jingine hazitaingia. Swichi yenye miguu 5 ikikutana na bodi yenye matundu 3, miguu miwili ya plastiki hukatwa kwa kikata kucha.

Hasara kubwa hujificha kwenye vifuniko vya vitufe. Bodi nyingi ndogo zenye mishale hupunguza kitufe cha Shift cha kulia kutoka vipimo 2.75 hadi 1.75, kipimo kimoja kikiwa milimita 19.05. Seti isiyo na kifuniko hicho kifupi itaacha kitufe kimoja uchi.

Bodi ikifika, ijaribiwe kabla ya kufungwa chochote. Iunganishwe na kompyuta, kisha matundu mawili ya kila soketi yaguswe kwa pamoja na kibano cha chuma. Herufi ikitokea, soketi ni nzima. Wakati wa kuchomeka, miguu ya swichi inyooshwe kwanza na soketi ishikiliwe kwa kidole kutoka nyuma, la sivyo hung'oka.

Mwenye mkono wa fundi redio anaweza kuikwepa bodi ya kununua. Vitufe 61 hupangwa kwa safu 5 na nguzo 14, kila kimoja na diodi yake, hivyo huhitaji pini 19 tu. Raspberry Pi Pico, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 kwa dola 4 za Marekani, ina pini 26 za namna hiyo.

Faida inayomgusa zaidi mwandishi wa Kiswahili iko kwenye programu. Mpangilio wa kawaida uliasisiwa Marekani katika miaka ya 1870 kwa mashine za chapa, na umeiweka A, herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, chini ya kidole kidogo cha kushoto. Q na X, ambazo Kiswahili hakizitumii, zina nafasi kamili.

Kwa bodi inayokubali programu ya VIA, mpangilio hubadilishwa na kuhifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, hivyo huhama nayo kwenye kompyuta yoyote. Kitufe cha Q kinaweza kuagizwa kuandika "ng'" kwa mguso mmoja, na Q yenyewe ikahamia tabaka la pili kwa ajili ya Kiingereza.