Gari la kabureta likigoma juani, usikimbilie kununua pampu

KILA mwenye gari la zamani hapa Bujumbura anaujua mchezo huu. Gari limewaka vizuri asubuhi, limefika sokoni, likazimwa saa saba mchana kwa dakika 15 tu. Ukirudi, stata inazungusha injini lakini haiwaki. Watu wanakusanyika, fundi anaitwa, na hukumu inatolewa papo hapo: pampu ya petroli imekufa.

Mimi mwenyewe nimenunua pampu 2 kwa hukumu kama hiyo.

Petroli, au esansi kama wengi wanavyoiita hapa, si kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi. Chini ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa, joto hupita hapo kwa mbali, maana feni imesimama na maji ya radieta hayazunguki. Petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inaweza kuchemka na kumwagikia ndani, injini ikalewa mafuta. Au inageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haina cha kusukuma. Kwa dereva dalili ni ileile, lakini dawa zinapingana.

Fungua chujio la hewa, injini ikiwa imezimwa na pasiwe na sigara karibu. Tazama koo la kabureta huku ukivuta waya wa akselereta kwa mkono. Ukiona petroli inaruka na ndani kumelowa, injini imelewa. Rudisha chujio, kanyaga mafuta mpaka mwisho, tuliza mguu hapo bila kupampu, kisha piga stata. Pakiwa pakavu, huo ni mvuke: funika pampu na bomba lake kwa kitambaa kilicholowa maji, usubiri. Kama petroli ipo kwa kiasi chake, acha harufu iishe ndipo upime moto wa plagi. Koili iliyochoka hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, nayo imewadanganya mafundi wengi.

Usimruhusu kijana yeyote amimine petroli kwenye kabureta wakati mwenzake anapiga stata. Injini ikipiga chafya, moto hurudi juu, na uso wake ndio ulio karibu.

Mlimani kuna tatizo jingine, tena gari likiwa linatembea. Barabara ya RN1 inaanzia Bujumbura, mita kama 775 juu ya usawa wa bahari, na kufika Bugarama umeshapita mita 2,000. Nilipokuwa mwanafunzi ukimbizini Kigoma, mwalimu wetu alichemsha maji kwenye chupa, akaitoa motoni, akaiziba na kuipindua, halafu akaimwagia maji baridi. Maji yaliyokuwa yametulia yakaanza kuchemka upya! Mgandamizo ukipungua, kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi bila kulihusisha na Corolla yangu.

Mfuniko wa tanki langu ulikuwa umepotea, nikaziba kwa mfuko wa nailoni na kamba ya mpira, kama wafanyavyo wengi. Hewa haikuingia. Kila pampu ilipovuta, mgandamizo ulishuka kwenye tanki na kwenye bomba, juu ya ule uliopunguzwa na mlima. Siku gari lilipozimika karibu na Bugarama, nilifungua mfuko ule nipime mafuta, tanki likavuta pumzi kwa nguvu. Dakika chache baadaye gari likawaka.

Nilinunua mfuniko wenye tundu la kupumulia. Nilipochungulia zaidi, nikakuta kile kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta hakipo, na bomba la kurudisha petroli kwenye tanki limezibwa kwa skrubu. Yote yalifanyika gereji. Nimeyarekebisha. Pampu ya kwanza, ile niliyoambiwa imekufa, nimeirudisha kwenye gari na ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.