Hadithi ya Wengi: Utunzi wa Pamoja na Raha ya Kuandika

1. Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi, mtunzi huchukuliwa kuwa mtu mmoja. Jina lake hukaa juu ya jalada, na swali la mtihani humtaja kana kwamba kila neno lilitoka kichwani mwake peke yake. Mazoea hayo yametokana na kitabu, wala hayakutokana na hadithi yenyewe. Makala hii inaeleza kwamba utunzi wa pamoja una misingi katika desturi ya kusimuliana na katika sarufi ya Kiswahili, na kwamba kuupuuza kunawanyima wanafunzi mlango mwepesi wa kuingilia katika uandishi.

2. Fanani na Hadhira

Lumuma, wilayani Kilosa, inajulikana kwa kilimo cha vitunguu. Iko katika nchi ya Wasagara, ambao ni majirani wa Wakaguru. Kwa watoto wengi wa sehemu kama hiyo, ngano ya nyumbani hutangulia kitabu cha shuleni. Katika ngano, fanani hasemi peke yake. Katika masimulizi ya Kiswahili, atamkapo "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", hadhira huwa imekubali wajibu wa kuitikia, kuimba kiitikio, kuuliza, hata kumsahihisha anayeruka tukio. Kesho ngano ileile ikisimuliwa na mwingine kwa mapambo mengine, hakuna anayelalamika kwamba ameibiwa.

3. Kazi ya -ka-

Sarufi nayo huruhusu kupokezana. Tutazame mfano huu: "Sungura alifika mtoni. Akamwona mamba. Akarudi nyuma." Kitenzi cha kwanza, chenye -li-, huliweka tukio katika wakati uliopita. Vitenzi vinavyofuata, vyenye -ka-, huegemea kilichotangulia. Kwa hiyo msimulizi wa pili aweza kuipokea hadithi kwa silabi moja, bila kutangaza wakati upya. Wanaoanza kuandika kwa zamu mara nyingi hurudia -li- kila sentensi: alifika, alimwona, alirudi. Kila sentensi huwa sahihi, lakini hadithi hukatika vipande.

Aidha, katika "akarudi", kiambishi a- hakisemi aliyerudi ni sungura au mamba. Mwandishi wa kwanza alimkusudia sungura, mwenzake aweza kuendelea, "Yule mamba alipokwisha kurudi nyuma...", na mkondo wa kisa ukageuka. Utata ambao mwalimu angeusahihisha kwa wino mwekundu huwa ndio chanzo cha kicheko. Hapo ndipo raha ya kuandika pamoja ilipo: mtu husoma sentensi yake mwenyewe na kukuta imekwenda asikotarajia.

4. Kutoka Gazetini hadi Jukwaani

Maandishi ya Kiswahili yana mifano ya ushirikiano huo. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, watunzi walijibizana kwa mashairi; shairi la mmoja lilikuwa mwaliko kwa wengine. Mwaka 1982 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walitoa tamthiliya ya Harakati za Ukombozi. Muhando alizaliwa Berega, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, mwaka 1948. Balisidya alikuwa amekwisha kuandika riwaya ya Shida, iliyotoka mwaka 1975. Hawakushirikiana kwa kukosa uwezo wa kuandika peke yao. Tamthiliya yenyewe inahusu mapambano ya umma, jambo ambalo kwa asili yake lina sauti nyingi.

5. Hitimisho

Hofu ya walimu inaeleweka: katika kundi, mvivu hujificha nyuma ya mwenye bidii, na alama hazijulikani ni za nani. Hata hivyo, hofu hiyo inahusu upimaji, haihusu utunzi. Wanafunzi wanne wakikubaliana mapema juu ya nafsi ya msimulizi, wakati na majina ya wahusika, kila mmoja aweza kuandika aya yake kwa zamu, na kazi isisahihishwe kwa alama. Anayeogopa ukurasa mtupu hupewa ukurasa uliokwisha kuanzwa. Mtoto wa Lumuma aliyezoea kuitikia ngano huwa tayari anajua nusu ya kazi hiyo. Shule inapaswa kumwongezea kalamu, bila kumnyang'anya wenzake.