Kupiga picha samaki wa akwaria

Kupiga picha samaki wa akwaria ni kazi ya kuchukua picha za samaki walio hai ndani ya tangi la kioo. Kwa kamera ya dijiti, au hata simu, anayeanza anaweza kujaribu mara nyingi bila gharama ya filamu na kuliona kosa lake papo hapo. Hata hivyo picha za mwanzo kwa kawaida huwa na dosari zilezile: doa jeupe la mwanga kwenye kioo, samaki aliyetoka kama ukungu kwa sababu ya mwendo wake, na rangi zisizo za kweli.

Umuhimu wa rangi

Wengi kati ya samaki wanaofugwa duniani kwa ajili ya rangi zao wana asili katika maziwa ya Afrika ya Mashariki: Tanganyika, Nyasa na Viktoria. Miongoni mwa furu wa Ziwa Viktoria kuna Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1985, na ndugu yake Pundamilia pundamilia. Dume wa spishi ya kwanza ana pezi jekundu la mgongoni na ubavu wa njano. Dume wa spishi ya pili ana rangi ya buluu na kijivu. Majike wao hufanana sana.

Samaki akifa rangi hizo hubadilika upesi, na akihifadhiwa katika formalini na alkoholi hufifia hadi kuwa kahawia tu. Sangara alipoongezeka mno ziwani katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu zilitoweka. Kwa spishi ambayo haikupigwa picha ya rangi ikiwa hai, kinachobaki ni samaki wa kahawia chupani na maelezo ya aliyemwona. Kwa hiyo picha nzuri ya samaki hai si pambo tu. Ni kumbukumbu ya kisayansi.

Kuandaa tangi

Kioo hufutwa pande zote mbili, kwani kamera huonyesha mwani na alama za vidole ambazo jicho limezoea kuzipuuza. Nje hutumiwa kitambaa chenye maji matupu, si dawa ya kusafishia vioo, ambayo ikiingia majini inaweza kuwadhuru samaki. Pampu ya hewa inaweza kuzimwa kwa dakika chache ili viputo vipungue, mradi isisahaulike. Taa za chumbani huzimwa na mapazia hufungwa, la sivyo picha itaonyesha dirisha, kiti na mpiga picha mwenyewe. Nguo nyeusi husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mwanga na kioo

Mwanga ukigonga kioo hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Flashi iliyo juu ya kamera, ikielekezwa kioo moja kwa moja, hurudi moja kwa moja katika lenzi, na hapo ndipo lile doa jeupe linapotoka. Mtu akiinamisha kamera ubavuni doa huondoka, lakini kosa jingine huingia: mwanga unaopita kioo na maji kwa mshazari hupinda, na samaki hupoteza ukali wa mistari yake, hasa kioo kikiwa kinene. Suluhisho ni kuvitenganisha viwili hivyo. Lenzi itazame kioo wima, karibu kabisa au ikigusana nacho kwa mpira laini, na mwanga utoke juu ya tangi. Asiye na flashi ya kutenganishwa azime ile ya kamera na kuongeza taa juu ya maji.

Kupinda kwa mwanga kuna matokeo mengine. Samaki aliye sentimita 40 nyuma ya kioo huonekana kama yuko sentimita 30 tu. Kamera hulenga pale anapoonekana, hivyo lenzi isiyoweza kulenga kitu cha karibu inaweza kushindwa ingawa kwa rula umbali unatosha. Alama ya ua kwenye kamera nyingi ndogo ni ya kulenga vitu vya karibu.

Mipangilio ya kamera

Bila flashi, samaki anayeogelea polepole huhitaji takriban 1/125 ya sekunde, na mwenye haraka 1/250 au pungufu ya hapo. Ili mwanga utoshe, ISO hupandishwa hadi 800 au 1600; chembechembe zitakazoonekana pichani ni afadhali kuliko samaki asiye na umbo. Jicho la samaki ndilo linalolengwa. Likiwa kali, mkia uliofifia husameheka. Badala ya kumfuata samaki huku na huko, ni rahisi zaidi kulenga jiwe analolipitia mara kwa mara, kubonyeza kitufe nusu, na kungoja. Samaki wenye magamba ya fedha hurudisha mwanga kama kioo, kwa hiyo mfichuo hupunguzwa kidogo.

Taa za akwaria mara nyingi huwa na buluu au njano iliyozidi. Kabla ya kuanza, kamera hurekebishwa kwa kupiga kipande cha plastiki nyeupe kilichotumbukizwa katika tangi hilohilo, chini ya taa zilezile. Bila hatua hii, picha ya samaki haiwezi kutumiwa kumtambua kwa rangi.

Hali ya samaki

Samaki aliyetishwa hukunja mapezi na kupauka, na picha yake humwonyesha vibaya. Flashi isipigwe ghafla katika tangi lililokuwa gizani. Watafiti hutumia tangi jembamba la kupigia picha, ambamo kipande cha kioo humsogeza samaki mbele taratibu bila kumbana. Tangi hilo hujazwa maji ya makazi yake mwenyewe, na samaki hurudishwa baada ya dakika chache, kabla oksijeni haijapungua.