Kati ya Kifo cha Kwanza na cha Pili

Riwaya ya muuaji anayeua, akatulia, kisha akaua tena ni nadra kupata msomaji wa vuguvugu. Acha nakala moja iliyochakaa ya kitabu cha namna hiyo izunguke nyumba hadi nyumba pale Mitwero, kando ya mji wa Lindi, kisha uwasikilize waliokisoma. Mmoja atakwambia hakupata usingizi. Mwingine atakwambia mwandishi ana roho mbaya. Yupo atakayesema mwisho ulimkata maini, na yupo atakayeapa kwamba alimjua muuaji tangu sura ya tatu, akamalizia kwa ukaidi tu. Mimi kazi yangu ni kuhariri na kuchambua riwaya, na ugomvi huu nauheshimu sana, kwa sababu chini yake limelala jambo la ufundi linaloweza kuelezeka. Kila msomaji alikifungua kitabu akiwa na swali lake mwenyewe. Kitabu kimoja hakiwezi kuyajibu maswali yote kwa uzito uleule.

Swali kongwe kuliko yote ni nani aliyeua. Ndilo lililoijenga riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kupitia Bwana Msa, mzee wa kiko na subira, akawazoesha wasomaji kusoma kwa tahadhari: kitu chochote kilichotajwa, hata kiatu kilichoachwa mlangoni, huenda ni ushahidi. Faraji Katalambulla akafuata mwaka 1965 na Simu ya Kifo. Katika riwaya iliyojengwa juu ya swali hili, maiti moja inatosha kabisa. Mwandishi hufunga fundo mwanzoni, na kurasa zote zinazobaki ni za kulifungua.

Muuaji anayerudia anavuruga mpango huo. Akigunduliwa mapema, hakuna kifo cha pili. Asipogunduliwa, kila maiti mpya inamwonesha mpelelezi kuwa mzembe. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kumbadilishia msomaji chakula: badala ya kumwuliza nani, humwuliza ni lini, na zamu ya nani. Hapo tumetoka kwenye fumbo na kuingia kwenye taharuki yenyewe. Katika fumbo msomaji anajua kidogo, sawa na mpelelezi au chini yake. Katika taharuki mara nyingi anajua zaidi ya yule anayekwenda kufa. Anamwona binti anafungua mlango, naye anajua nani amesimama nyuma ya mlango huo, na hana namna ya kumwita. Wapo wanaoipenda hali hiyo mpaka viganja vinatoa jasho. Wapo wanaoichukia kwa dhati, na sababu yao ni ya haki: wamewekwa upande wa muuaji bila kuulizwa.

Ben R. Mtobwa aliichezea hatari hii waziwazi katika Najisikia Kuua Tena, mojawapo ya visa vya mpelelezi wake Joram Kiango alivyoviandika miaka ya 1980. Jina la kitabu limekwisha kutangaza kuwa damu haitamwagika mara moja. Aliyelelewa na Bwana Msa huhisi amenyang'anywa kazi yake ya kufikiri. Aliyelelewa na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, hana shida, kwani kwenye visa vya Gamba adui hujulikana mapema na raha yote iko kwenye kumsaka. Watu wawili, kitabu kimoja, na kila mmoja anakipima kwa mizani ya mwalimu wake wa kwanza.

Kuna pia athari ya magazeti. Riwaya zetu nyingi za kusisimua zilisomwa kwanza kwa vipande, toleo kwa toleo, na kila kipande kilipaswa kukatika mahali pabaya ili mtu anunue gazeti la wiki inayofuata. Ni ufundi mgumu, na simdharau anayeuweza. Ila vipande hivyo vinapokusanywa kuwa kitabu, msomaji anayekisoma kwa siku moja hukutana na ndoano baada ya ndoano, na ifikapo maiti ya tano huwa hashtuki tena. Ananiambia kitabu kinachosha. Aliyeisoma hadithi hiyohiyo gazetini hawezi kumwelewa.

Lakini kuna swali la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote: nani alimwacha muuaji aendelee? Pwani yetu ililiuliza zamani, kabla ya riwaya kuandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hekaya alizozikusanya Unguja, na miongoni mwake imo ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza na ndama. Watu wanakwenda kushtaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Anakula mbuzi, anakula ng'ombe, jibu ni lilelile. Anamla mtoto wa mtu, anamla mtu mzima, anahamia vichakani na kuwakamata wapita njia, na Sultani bado ana jibu lilelile. Siku mnyama anapowaua watoto watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba yao anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu.

Tazama kazi inayofanywa na marudio hapo. Mla watu yuko wazi tangu mwanzo, hivyo hakuna fumbo. Taharuki ya lini nayo si kubwa. Kinachokua kwa kila kifo ni hatia ya mtu ambaye hajaua yeyote. Kila mashtaka yanayoletwa barazani yanamwongezea Sultani mzigo, na msikilizaji anauona ukiongezeka. Halafu anaingia Mkaa-Jikoni, mtoto wa mwisho aliyedharauliwa, anakwenda porini kumsaka Nunda na kurudi na mzoga mmoja baada ya mwingine, mbwa, ngawa, twiga, tembo, na kila mara mama yake anamwambia kwamba bado, huyo siye. Mwandishi wa leo wa riwaya ya upelelezi angeuita ufundi huo mtuhumiwa wa uongo. Msimuliaji wa pwani alikuwa nao tayari, tena aliupandisha ngazi kwa ngazi.

Na Lindi ina kisa chake, kilichosimuliwa kama jambo lililotokea. William Hichens, ofisa wa kikoloni aliyewahi kuwa hakimu Lindi, alikieleza mwaka 1937 katika jarida la Discovery la Uingereza. Wafanyabiashara walikuwa wakiacha bidhaa zao sokoni usiku, na askari wakipokezana zamu kulinda. Usiku mmoja askari aliyekuja kupokea zamu alimkuta mwenzake chini ya meza ya kuuzia, amekufa, mwili umeraruliwa vibaya, na mkononi amekamata manyoya ya kijivu. Asubuhi Liwali alifika bomani na watu wawili waliosema wamemwona mnyama akiruka kutoka gizani: paka mkubwa mwenye milia, si simba wala chui, ni nunda. Ulinzi ukaongezwa. Usiku uliofuata akafa askari mwingine, na manyoya yaleyale yakakutwa vidoleni mwake. Kisha yakasikika mauaji kama hayo vijiji vingine vya pwani, Mchinga ukiwemo. Hakuna aliyekamatwa, si mtu wala mnyama.

Hichens hakuwa mgeni wa lugha. Ndiye aliyehariri Al-Inkishafi, iliyotoka 1939, na Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Yaelekea alimsikia Liwali kwa Kiswahili chake, na huenda hekaya ya Sultani Majinuni aliijua. Ndiyo maana waliomsoma wamegawanyika mpaka leo. Wako wanaosema alikuwa simba mzee aliyechakaa. Wako wanaoamini kuna mnyama ambaye sayansi haijampata. Wako wanaomtafuta binadamu nyuma ya manyoya, nao hawatoi hoja hewani, kwa kuwa katika miaka ya 1940 huko Singida watu walishtakiwa na kuhukumiwa kwa mauaji yaliyofanywa yaonekane kazi ya simba. Mimi naona Hichens aliandika taharuki safi, fupi, yenye ushahidi mmoja unaorudi mara mbili. Ila alisahau soko. Hatuelezi nani alilala na nani alikesha baada ya askari wa kwanza, bei ya samaki ilikuwaje asubuhi ile, wala nani alikubali kushika zamu ya pili. Yule askari wa pili ametajwa kwa kifo chake tu.

Kilichokosekana kwa Hichens kimeelezwa vizuri na watafiti wa wanyamapori. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, na wilaya za kusini mashariki, Lindi miongoni mwao, zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Matukio yalizidi wakati wa mavuno. Nguruwe pori huvamia mashamba. Mkulima naye hulazimika kulala shambani, kwenye dungu lisilo na ukuta wa maana, kulinda mahindi na mpunga. Simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Mnyororo huo una mazao, una njaa, una umbali wa nyumba na shamba, una uamuzi wa nani alale dunguni usiku huo. Wakati huohuo Rufiji kulikuwa na simba mmoja aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajauawa mwaka 2004, na alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego.

Wasomaji wa riwaya za muuaji wanagawanyika hapohapo, kati ya jipu na dungu. Kundi moja linataka kidonda cha muuaji: alitendwa nini utotoni, nani alimsaliti, nini kilimwuma. Wakikipata wanatulia. Kundi jingine linasoma ukurasa huo na kukasirika, kwa sababu maumivu ya jino hayaelezi kwa nini watu walikuwa wamelala mahali alipoweza kuwafikia. Mimi niko na kundi la pili, na nasema hivyo bila kuwadharau wa kwanza. Jipu lilikuwepo kweli. Lakini wapo simba wengi wasio na jipu walioua kusini, na wapo watu wengi walioumizwa utotoni ambao hawajamgusa mtu. Mwandishi anayeniletea kidonda peke yake ameniletea nusu ya maelezo na kuiuza kama nzima.

Lipo kundi la tatu ambalo wachambuzi hulisahau: wasiotaka kukifungua kabisa kitabu cha aina hii. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji, na askari polisi, waliuawa mmoja baada ya mwingine Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Basi la Lindi kwenda Dar es Salaam hupita huko. Aliyesafiri barabara ile wakati ule, au aliyekuwa na ndugu upande wa Ikwiriri, anajua taharuki ya kungoja jina linalofuata, na haitafuti kwenye karatasi. Ni kosa kumwita mtu huyo mwoga wa fasihi. Anaukataa mchezo ambao malipo yake ameshayaona.

Wasomi wetu kwa muda mrefu waliziweka riwaya hizi kwenye kapu la riwaya pendwa na kuziacha huko, wakaipa riwaya dhati muda na karatasi. Ubaguzi huo umewaumiza waandishi kwa namna moja ya wazi: hakuna aliyewaambia udhaifu wao uko wapi. Waliambiwa kwamba damu ni nyingi. Damu si tatizo. Hekaya ya Nunda ina damu kuliko riwaya nyingi. Tatizo ni kwamba baina ya maiti na maiti, mtaa unatoweka. Watu wanaonekana pale tu wanapohitajika kufa au kushuku.

Ndiyo sababu mswada wa aina hii ukinifikia, siufungui mwanzoni. Natafuta kwanza sura inayofuata kifo cha pili. Natazama kama kuna mtu aliyefunga duka mapema, kama msiba wa kwanza umeshaondoa matanga, kama mwenyekiti wa mtaa ameitwa na akatoa jibu gani, kama kuna mama aliyembadilishia mwanawe njia ya shule. Natazama nani alishtaki na kupuuzwa. Vikiwepo hivyo, narudi ukurasa wa kwanza na kusoma hadi mwisho, hata kama muuaji nimekwisha kumjua. Visipokuwepo, namwandikia mwandishi arudi sokoni na amtafute askari wa zamu ya pili: jina lake, nani alimpangia zamu ile, na kwa nini hakuweza kuikataa.