Uvimbe wa kinena: Usingoje mtoto akue

Umemwacha mwanao kwa nyanya yake huko Kibugu, juu ya mji wa Embu, nawe uko Nairobi ukitafuta riziki. Nyanya anapiga simu: kila mtoto akilia, uvimbe unatokea kwenye kinena, na akilala unapotea. Wazazi wengi husema kwamba mradi unarudi ndani, hana neno. Sivyo.

Uvimbe huo aghalabu ni ngiri. Mvulana angali tumboni mwa mamake, korodani zake hukaa ndani ya tumbo lake. Mnamo mwezi wa 7 wa mimba huanza kushuka zikipitia kijia kilichoko kinenani. Kijia hicho kisipozibika baadaye, utumbo hupenya. Kwa hivyo usimlaumu nyanya eti alimwacha mtoto alie mno. Kilio huitokeza ngiri tu. Mlango ulikuwa wazi tangu kuzaliwa.

Kati ya watoto 100 waliozaliwa kwa wakati, 1 hadi 5 huwa nayo. Wavulana ndio wengi, na waliozaliwa kabla ya wakati wamo hatarini zaidi. Wasichana pia hupata, na kwao kinachonaswa chaweza kuwa ovari.

Kitovu kilichotokeza mara nyingi hurudi chenyewe kabla ya miaka 5, na maji kwenye pumbu za mtoto mchanga mara nyingi hukauka kabla ya miaka 2. Pengine ndiyo sababu watu huamini kwamba ngiri ya kinena nayo itaondoka. Haiondoki. Kuifunga kwa kitambaa au sarafu ni kupoteza wakati.

Hatari ni utumbo kunaswa. Uvimbe huwa mgumu na haurudi, mtoto hanyamaziki, anatapika, pengine matapishi ya kijani, tumbo linajaa, na ngozi ya pale inageuka rangi. Damu ikikosa kufika, utumbo huoza katika muda wa saa chache, na korodani ya upande huo yaweza kufa. Watoto walio chini ya mwaka 1 ndio hunaswa zaidi. Ukiambiwa dalili hizo, mwambie nyanya asimpe chochote kinywani wala asiukande uvimbe. Atafute gari usiku huohuo, wateremke hadi Hospitali ya Level 5 mjini Embu. Wasingoje kupambazuke.

Lakini kwa nini mfike huko? Ngiri ambayo haijanaswa hupasuliwa kwa mpango, na kwa mtoto mchanga hilo ni jambo la wiki chache, si la likizo ijayo. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, daktari anakata ngozi kidogo kwenye mkunjo wa kinena, anakifunga kile kijia, basi. Wavu wanaowekewa watu wazima hauhitajiki. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ingawa waliozaliwa kabla ya wakati huenda wakalazwa usiku mmoja ili kupumua kwao kuangaliwe. Muulize daktari mtoto akae saa ngapi bila kunyonya kabla ya upasuaji.

Na hakikisha jina lake limeandikishwa chini ya lako katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.