Mkunga wa mtoni kazaliwa wapi? Jiwe la sikio lina jibu



Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa kata yangu alinipigia simu. Bwawa kashachimba nusu, mkopo wa kikundi uko mkononi, na kuna kijana kamuahidi mikunga kumi wakubwa, madume na majike, wazaliane humo kama sato. "Bwana shamba, mkunga si samaki wa mtoni? Tunamvua hapa tangu utoto, na bahari wengine hatujawahi kuiona." Nikamwambia, mzee wangu, weka jembe chini kwanza, nakuja.

Namsema mkunga yule mrefu mwenye utelezi, wa mito inayomwaga Bahari ya Hindi kama Pangani na Rufiji. Sio kamongo wa Ziwa Victoria, na sio yule wa wodi ya wazazi!

Nilipofika nilipasua kichwa cha sato nikamtolea vijiwe vyake. Samaki wetu hawa wana jozi tatu ndani ya kichwa, zinawasaidia kusikia na kukaa sawa majini. Vimejengwa kwa kalisiamu, ndugu wa ile chokaa tunayomwaga bwawani. Samaki anavyokua, jiwe linaongezeka tabaka kwa tabaka, kama pete za mti. Mifupa na magamba mwili unaweza kuyamega njaa ikizidi, lakini jiwe la sikio haliguswi. Kilichoingia humo kimeingia.

Sasa, kuna madini yanaitwa strontiamu. Yanafanana na kalisiamu kiasi kwamba yanajipenyeza kwenye jiwe pamoja nayo. Lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 8 za strontiamu, wakati mito mingi iko chini sana ya hapo. Wataalamu wanalisugua jiwe mpaka kiini kionekane, halafu kwa leza wanapima kutoka kiini hadi ukingoni. Kwa mkunga aliyevuliwa mbali kabisa juu mtoni, kiini kina strontiamu nyingi: kazaliwa baharini. Halafu inashuka ghafla: hapo ndipo alipoingia maji baridi, akakaa miaka.

Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto wa Japani na wenzake walionyesha kwa kupima strontiamu hiyohiyo kwamba wapo mikunga ambao hawaingii mtoni kabisa, wanamalizia maisha chumvini. Kwa hiyo mto kwa mkunga ni hiari. Kuzaliwa baharini sio hiari. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walipata mayai ya mkunga wao magharibi mwa Pasifiki, karibu na visiwa vya Mariana, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka mito yao. Wa kwetu inaaminika wanataga upande wa mashariki wa Madagaska.

Mzee akauliza, sasa hao kumi watafanya nini bwawani? Watakula, watanenepa, basi. Vifaranga hutaviona. Wajapani walifanikiwa kuwazalisha maabara kizazi hadi kizazi mwaka 2010, tena kwa sindano za homoni, na bado wafugaji wao wanategemea zaidi wadogo wanaokamatwa wakitoka baharini. Sasa wewe na mkopo wa kikundi?

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na wale wakubwa wanaoshuka na maji ya masika?" Nikamwambia hao ndio wanarudi kutaga, mara moja tu, kisha wanakufa. Akaangalia kule kwenye banio la mfereji. Mgono wake uko hapo kila masika, tangu enzi za baba yake.

Bwawa tunalipima Jumanne, litakuwa la sato. Kijana kaambiwa asilete mikunga. Habari ya mgono bado tunaongea.