Mgeni wa Unguja Mjini London

Sisi tukaao Malindi, jirani na bandari, kila siku twawaona wageni wakishuka melini na kuushangaa mji wetu. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia habari za mtu wa Unguja aliyekwenda kuushangaa mji wa watu.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash bin Said alialikwa Uingereza, akafuatana na Dokta John Kirk. Mji wa London siku zile ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Usiku taa za gesi ziliwaka njiani, na tangu 1863 magari ya moshi yalipita hata chini ya ardhi! Seyyid alionana na Malkia Victoria, akaonyeshwa Crystal Palace, jumba kubwa la chuma na vioo.

Lakini mgeni mkubwa huona aonyeshwayo. Katika mji ule ule alikuwako dada yake, Bibi Salme, aliyetoroka Unguja 1866, akabatizwa Aden kwa jina la Emily. Sasa alikuwa mjane mwenye watoto watatu, naye alitoka Ujerumani makusudi apatane na nduguye. Sir Bartle Frere alimshauri asionane naye, akimwahidi kwamba watoto wake watasaidiwa. Mama gani asingekubali? Seyyid akarejea kwao, na ahadi ile, kama Bibi alivyoandika katika kitabu chake cha 1886, haikutimizwa.

Mwaka 1885 Bibi Salme alifika bandarini Unguja kwa marikebu ya Kijerumani. Nduguye hakumpokea.